Goti Lililokataa Kukunjika

Kilichomchosha Mwanarehema wa Mtongwe kuliko maumivu yenyewe kilikuwa mito. Kila aliyepiga hodi kuja kumpa pole alitafuta mto wa kumwekea chini ya goti. Wifi yake Jalila ndiye aliyeanza, majirani wakafuatia, mpaka mguu ukawa umepandishwa kama bendera ya chama.

"Usiukunje huo, jamani! Pumzika," walimwambia, na hata gilasi ya maji hawakumwachia aifuate mwenyewe.

Ajali ilikuwa hivi. Gari dogo lililokuwa likikimbilia feri lilipita upande usio wake, likaigonga tuktuk aliyopanda, goti likajipigiza kwenye chuma mbele yake, naye akaangukia barabarani. Mwenye gari akashuka. Akaitazama kwanza taa yake iliyovunjika, ndipo akamtazama mtu aliyelala chini. Hilo halijamtoka Mwanarehema moyoni, na sidhani litamtoka.

Plasta aliyofungwa hospitalini ilipoondolewa, mito ndiyo ikaanza, na goti likawa gumu kama mwiko. Sasa fikiria: huyu ni mpakaji hina. Hana saluni wala kiti kirefu. Yeye huwaendea maharusi majumbani, bibi harusi huketi mkekani, miguu kainyoosha, na Mwanarehema huketi chini mbele yake, magoti kayakunja, uso u karibu na unyayo, kwa kuwa maua yake ni membamba kama nyuzi za buibui. Akiinamia kutoka kitini mkono hutetemeka, na ua huwa doa. Na harusi ya Shaza, bintiye Bi Sabah, ilikuwa inakaribia. Bi Sabah mwenyewe alipoolewa alipakwa na mikono hiyo hiyo. Goti lisipokunjika, nani atamwita tena?

Akaenda kwenye mazoezi ya viungo. Huko alimkuta mtaalamu wa mazoezi hayo, Kyalo, kijana wa bara mwenye Kiswahili cha haraka haraka, akamsimulia jinsi anavyolazwa na mto chini ya goti.

"Nani alikuambia uweke mto hapa chini, mama?"

"Mtaa mzima."

Kyalo akacheka, kisha akaacha. "Huo mto ni utamu wa uongo. Goti linalala limejikunja kidogo, linazoea, linaganda. Kunyoosha inakuwa shida, kukunja pia shida."

Damu ilimchemka Mwanarehema. "Na hao walionitoa plasta wakaniruhusu kwenda nyumbani, hapakuwa na hata mmoja mwenye mdomo wa kunambia?"

"Ilifaa uambiwe, mama."

"Ilifaa! Wallahi, neno moja tu lingetosha. Wamenirudisha nyumbani kama mzigo ulioshushwa bandarini."

Kyalo akanyoosha mkono ashike goti.

"Mkono wako na ubaki huko huko, mwanangu."

"Sawa, mama. Uko na leso?"

Alikuwa nayo ndani ya mkoba, khanga yake ya kujifunga. Kyalo akamwelekeza aizungushe kwenye unyayo, ashike ncha zote mbili, avute kisigino kije kwake polepole. Akavuta. Kitu kikalia ndani kama bawaba ya kabati la zamani.

"Limevunjika!"

"Limeamka," alisema Kyalo.

Akamletea goti la plastiki amwonyeshe. Mwanarehema akaligeuza huku na huku, akaichezesha ile pia ya goti kwa kidole, akashangaa jinsi inavyoteleza kwenye njia yake. Umri wote huu amechukua kitu kama hiki na hakuwahi kukiuliza hali!

Nyumbani akaitupa mito kwenye kiti cha ukumbini, akaketi sakafuni na leso yake, akawa anavuta huku jasho likimtoka.

"Wifi, unajitesa," alilia Jalila. "Watu watasema hatukutunzi."

"Waache waseme. Nyinyi mlikaribia kuniua kwa mito."

Jalila akawa anachezea ncha ya mtandio wake. Mwanarehema akamjua. "Sema."

"Bi Sabah... amemwita msichana wa saluni ampake Shaza. Anasema amekuonea huruma."

"Huruma gani hiyo isiyopiga hodi? Kuniona hanioni, kuniuliza haniulizi, mkate wangu ampe mwingine, kisha aite huruma!"

Siku ya hina ilipofika, hakungoja kuitwa. Alijifunga buibui, akachukua koni zake za hina, akaenda kwa fimbo mpaka kwa Bi Sabah kabla msichana wa saluni hajatokea. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini, na bibi harusi yuko katikati mkekani.

"Mwanarehema! Utakaaje chini na goti hilo?" Bi Sabah alishtuka.

"Kama ninavyokaa siku zote."

Haikuwa kama siku zote. Alishika kiti, akatanguliza mguu mbovu mbele, akateremkia goti zima, kisha akaketi kwa nyonga. Goti bovu lilikubali nusu ya safari, likagoma. Basi akalivuta kwa mikono miwili, akauma meno, akauweka mguu wa Shaza juu ya paja lake.

"Bi Mwanarehema, unaumia?" Shaza alinong'ona.

"Naumia. Usitikisike."

Ua la kwanza likatoka jembamba, la pili likalifuata. Mguu ulipomalizika, mmoja alitoa kigelegele, na Bi Sabah akamwambia jirani yake, si kwa sauti ndogo sana, "Masikini, kajitahidi."

Mwanarehema akainua uso. "Masikini ni nani humu, Bi Sabah? Nimeumia goti, mikono sikuumia. Ulikuwa na simu, ulikuwa na miguu miwili mizima ya kuja kuniuliza."

Bi Sabah akatazama chini. "Kweli ningekuuliza. Niwie radhi, dada."

"Basi mpigie huyo msichana, asijisumbue njiani." Akalisogeza goti kidogo, akakunja uso, akachukua koni nyingine. "Shaza, lete mguu wa pili."