Mlango Aliofungiwa Rehema

Nakumbuka adhuhuri moja ya joto kali kule Muaither, pembezoni mwa Doha, mwanangu, mimi na Rehema tukiwa watumishi wa ndani katika nyumba moja. Wewe umefika Doha juzi tu, kwa hiyo nisikilize kabla hujaanza kazi.

Rehema alikuwa binti wa mwalimu wa madrasa huko Pemba. Akisoma Kurani, hata mimi mvivu nilikaa chini nikatulia. Siku hiyo aliamka na maumivu ya tumbo, na ilipofika adhuhuri alikuwa amejikunja kwenye sakafu ya jikoni, maji hayapiti kooni. Nikamwendea madamu, mke wa mwenye nyumba. Dereva alikuwa nje, gari lipo.

"Msichana hatoki peke yake na dereva," madamu akasema. "Mila yetu haikubali. Bwana akirudi atampeleka."

"Nitakwenda naye mimi."

"Na wageni watapikiwa na nani?"

Nikamkumbusha kwamba wiki iliyopita dereva huyo huyo alimpeleka Rehema peke yake sokoni kununua samaki. Akaniambia nirudi jikoni, akaufunga mlango wa nje kwa ufunguo tusitoke.

Bwana alirudi baada ya Alasiri, ndipo akampeleka. Hospitali wakasema utumbo ulikuwa umeshapasuka. Rehema hakuvuka usiku ule.

Wanawake walipokuja kutoa pole, madamu akawa anawaambia kwamba siku za msichana zilikuwa zimefika. Mama mkwe wake, kikongwe asiye na maneno mengi, akaweka kikombe chini.

"Siku ni za Mungu," akamwambia mbele ya wote. "Mlango umeufunga wewe. Usimsingizie Yeye."

Lakini hakuna aliyeshtakiwa. Mimi nikahamishiwa nyumba nyingine.

Baadaye akanitafuta mama mmoja kutoka Ulaya, aliyeandika habari za haki za binadamu. Tulikaa mkahawani Al Sadd nikamweleza yote, machozi yakinitoka.

"Kwa hiyo Uislamu ndio uliomuua?" akauliza.

"Uislamu unataka mgonjwa atibiwe," nikamwambia. "Aliyekataa ana jina, na nitakupa."

Jina hakulitaka. Alinilipia kahawa, akaenda zake, na habari za Rehema sikuzisikia popote. Mpaka leo, nikiwafikiria wanawake wale wawili, sijui yupi aliniumiza zaidi. Mmoja alimfungia Rehema kwa jina la mila, mwingine hakuwa na haja naye mpaka niitukane dini yake.

Mwanangu, haki ya kutibiwa, ya kupumzika, ya kutoka nje na kuongea na mama yako, hukuletewa na Mzungu, na mila ya mtu haiwezi kukuvua. Umezaliwa nayo. Ukitajiwa mila, tazama inamfaa nani saa hiyo. Ukiambiwa uikane imani yako ndipo usikilizwe, nyanyuka uondoke. Na ukiumwa usimsubiri bwana yeyote arudi. Piga kelele, toka, hata kazi ikipotea.

Mungu akukinge na wanaojificha nyuma ya jina Lake, akupe sauti siku utakayoihitaji, akurudishe kwenu ukiwa mzima. Amina.