Mashimo Aliyoyaona Lurdes

Harufu ya majani makavu yanayofukiwa kwenye udongo mbichi bado hunijia puani, ingawa huku ughaibuni ninakosoma hakuna anayelima mlimani. Kwetu Kitura, kwenye milima ya Wamatengo, mvua za masika zilipokaribia kwisha, wanaume walifyeka majani na kuyapanga miraba miraba kwenye mteremko, kisha mama zetu wakachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika. Mlima mzima ukabaki mashimo yenye matuta pande zote. Maji yalituama shimoni, maharage yakaota juu ya tuta. Ndiyo ngoro. Sisi watoto tuliyazoea mashimo hayo kama tulivyozoea mafiga jikoni.

Msimu ninaousema, sabuni zilikuwa zimerudi madukani na wafanyabiashara binafsi walikuwa wameanza kupandisha mitumba hadi vijijini. Ndipo alipokuja Lurdes. Mama yangu alikuwa Mnyasa wa Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, na baadhi ya ndugu zake walikaa upande wa Msumbiji, ambako vita vilikuwa havijaisha. Binamu yake wa huko aliuawa pamoja na mkewe. Binti yao wa miaka kumi na miwili akavushwa ziwani na kuletwa kwetu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Jioni ya kwanza alisimama mlangoni, akautazama mlima, akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Shangazi, huku mmejiandaa. Kila mtu ana handaki lake." Tulicheka hadi machozi yakatutoka. Baba akasema mgeni wetu ana utani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lurdes alipewa jembe, akajifunza kufunika majani bila kuacha hata ncha moja nje. Yeye alinifundisha kuhesabu kwa Kireno na kubanika dagaa wa ziwani bila kuwaunguza. Kimatengo hakukijua, Kinyasa changu kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili kibovu, kila mmoja akimcheka mwenzake. Nilimpenda mno. Lakini aliyempenda kuliko sote alikuwa Festo, mdogo wangu aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea, ambaye hakulala ila mgongoni mwa Lurdes.

Mchana mmoja lori la mitumba lilipanda kilima chetu kwa mara ya kwanza, likakohoa, kisha likatoa mlio mkubwa uliotikisa mabati ya kanisa. Watoto wote tulilikimbilia. Lurdes alikimbilia upande mwingine, Festo akiwa mgongoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi hatukuwa tumewahi kuumwa. Tuligundua hawapo mvua ilipoanza kumwagika, mashimo yakijaa.

Kijiji kizima kilitawanyika mlimani. Tuliita, tukapiga madebe, wanaume wakaliita jina lake kwa kufoka. Kadiri tulivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kujificha. Nililia hadi sauti ikanikauka. Jua lilikuwa linazama mama alipopiga magoti kwenye matope na kuwasihi wote wanyamaze. Akatembea peke yake kati ya matuta akiongea Kinyasa taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Ndipo Lurdes akajibu. Alikuwa amejikunyata shimoni, maji yamemfika kiunoni, amejifunika majani, amemwinua Festo hadi shingoni na kumziba mdomo kwa kiganja. "Shangazi, nyamaza," alisema, "bado wapo."

Midomo ya Festo ilikuwa imebadilika rangi. Alikohoa majuma mengi, akapona. Lurdes hakupona mbele ya macho ya watu. Wakasema kesho atamuua mtoto wa mwingine. Husemwa penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee wetu walikaa na baba, neno likaharibika: apelekwe kambi ya wakimbizi, kwa wenzake. Mama alilia, akakataa chakula, akamwambia baba, "Baba Festo, huyu ni damu yangu." Hakusikilizwa. Gari lililokuwa likishuka mlima ni lile lile la mitumba. Lurdes alipandishwa juu ya marobota, akajikunyata kama kule shimoni.

Sasa mimi ndiye mgeni wa watu. Mama mwenye nyumba hunivumilia nikikosea vijiko na vyombo vyake, na mwaka mpya fataki zilipolia nilifunga dirisha nikalala. Juzi sisi wanafunzi wa kigeni tuliombwa tuzungumzie amani ya kwetu. Nilianza na yale tuliyokaririshwa shuleni, kwamba sisi ni kisiwa cha amani, tunapokea wakimbizi. Kisha nikajikuta nasimulia habari za Lurdes. Kijana mmoja ambaye kwao wanapigana hadi leo akaniuliza kama dada yule alifika salama.

Mama alikwenda kambini mara mbili kumuulizia, na mara zote mbili aliambiwa hayupo. Nilimjibu kijana yule kwamba sijui. Amani tulikuwa nayo tele, tukaogopa kumgawia mtoto mmoja.