Siku Kumi za Kurudi Nyuma

Kompyuta yangu ilinionya kwa mwaka mzima. Kila nilipoiwasha pale ofisini, katika shule yetu ya sekondari huku Runazi, sauti iliyomo ndani yake ilinisomea ujumbe uleule: toleo la kumi la mfumo wake lilikuwa linafikia mwisho, baada ya hapo halingepata tena masasisho ya usalama, na mashine yangu ilikuwa na sifa za kupokea toleo la kumi na moja. Kisha ilinipa vitufe viwili, kimoja cha kukubali na kingine cha kukumbushwa baadaye. Nilibonyeza cha baadaye, nikaendelea na kazi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na sioni. Surua ilinipofusha nikiwa darasa la tatu, nyumbani kwetu Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi. Nilisoma kwa nukta nundu, na nilipofika chuoni nikajifunza kompyuta inayosema. Ina programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, nami naiongoza kwa vitufe bila kugusa kipanya. Kwa programu hiyo naandaa masomo, natunga mitihani, nasoma vitabu. Ikinyamaza, mbele yangu hubaki kibao chenye vitufe, basi.

Niliwahi kuishi na kibao hicho mwezi mzima. Miaka michache nyuma mashine iliingiwa na virusi kutoka kwenye flashi ya mtu, nikaipeleka kwa fundi mjini Biharamulo. Fundi akafanya kile ambacho wenyewe wanakiita kupiga windo: alifuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Nikairudisha nyumbani, nikaiwasha, nikasubiri. Kimya. Nilibonyeza vitufe vyote nilivyovijua. Kimya. Programu ya sauti ilikuwa imefutwa, na maandalio yangu ya miaka mitatu yamekwenda nayo.

Mwezi ule, kabla sijapata nakala nyingine ya programu, alinisomea mwalimu mwenzangu wa Jiografia, mama mtu mzima kuliko mimi, ambaye mimi namwita dada na yeye ananiita mwalimu. Alinisomea vitabu, akaandika mitihani niliyomtamkia, huku vipindi vyake vikimsubiri. Hakunung'unika hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nanung'unika moyoni, kwa sababu kila nilichotaka kukijua ilibidi kwanza nimwombe mtu.

Kwa hiyo ujumbe wa toleo la kumi na moja ulipoanza kuja, mwili wangu uliukataa kabla hata akili haijaufikiria. Dada aliniunga mkono.

"Mashine inafanya kazi?" aliniuliza.

"Inafanya."

"Basi usiiguse, mwalimu. Unatafuta nini huko?"

Aliyenisukuma upande wa pili ni rafiki yangu niliyesoma naye tangu shule ya msingi. Naye haoni, yuko Shinyanga, anafanya kazi ya ofisini. Yeye alikwisha kuhama toleo. Nilipompigia simu kumweleza hofu yangu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndugu yangu, kuhama utahama tu. Siku moja mashine itaharibika, au virusi vitaingia tena, na siku hiyo watakuhamisha watu wengine kwa namna wanayoijua wao. Hama sasa, mwenyewe, ukiwa na nakala zako mkononi."

Nilimwambia nitafikiria. Wiki mbili baadaye kompyuta ya katibu wa shule iliingiwa na virusi kutoka kwenye flashi, na mafaili yake yote yakawa hayafunguki. Ndani ya mashine yangu kulikuwa na mtihani wa kidato cha nne niliokuwa nimeumaliza siku tatu kabla. Niliketi pale nikisikiliza katibu akilalamika, nikaamua. Nitahama, na nitahama kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Nilinakili maandalio yote kwenye flashi mbili; moja nikampa mke wangu aiweke kabatini, nyingine nikakaa nayo. Rafiki yangu alinitajia hatua zote kwenye simu, nami nikazitoboa kwa nukta nundu kwenye karatasi ngumu: kitufe gani kinafuata kipi, sauti itasema nini, itanyamaza lini. Alisisitiza jambo moja. Mashine ikimaliza na programu yangu isiseme, mfumo mpya una sauti yake ya ndani, ya Kiingereza, inayoamshwa kwa vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja. Vitufe hivyo vitatu nilivifanyia mazoezi mpaka mezani wakati wa kula.

Kilichobaki ni faili la mfumo wenyewe. Lilikuwa kubwa, na mtandao wa huku kwetu ungelivuta kwa siku kadhaa. Nikapanda pikipiki mpaka Biharamulo mjini, kwa fundi yuleyule. Sikuwa na mwingine ninayemjua mwenye mtandao wa kasi.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. Ni kijana.

"Marahaba. Nataka faili la toleo la kumi na moja kwenye flashi hii. Na hii programu hapa, toleo lake jipya." Nilimpa jina la programu ya sauti ambayo rafiki yangu aliniambia inatolewa bure.

"Niachie mashine, kesho asubuhi utaikuta tayari."

"Mashine nimeiacha nyumbani. Nataka faili tu."

"Nani atakuwekea?"

"Nitaweka mwenyewe."

"Utaonaje, mwalimu?"

"Nitasikia."

Alianza kupakua. Tulikaa muda mrefu, yeye akihudumia wateja wengine, mimi kwenye benchi. Karibu na mwisho alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Ile mara ya kwanza sikujua ile programu ni ya nini. Nilidhani ni virusi, maana nilipoiwasha ilianza kupiga kelele."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa nimemkasirikia kwa miaka, nikidhani alizembea. Nikamwambia mimi pia nilikosea, nilimpa mashine bila kumweleza. Na ni kweli. Siku ile nilimkabidhi nikaondoka kama mtu anayeacha viatu kwa fundi viatu.

Jumamosi nilibeba mashine mpaka ofisini kwa sababu shuleni umeme ni wa uhakika zaidi kuliko nyumbani. Mke wangu alikataa niende peke yangu. Yeye ni mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huku kutoka Shinyanga, mkulima, amemaliza darasa la saba, na kompyuta hajawahi kuigusa. "Mimi nina macho," alisema. "Kiingereza sijui, lakini namba nazijua."

Nusu ya kwanza ilikwenda kama ilivyoandikwa kwenye karatasi yangu. Sauti ilisoma, nikakubali; ikauliza kama nataka kubaki na mafaili yangu, nikasikiliza swali hilo mara tatu kabla ya kujibu. Kisha mashine ikajizima, na kuanzia hapo nikabaki na macho ya mke wangu.

"Kuna duara linazunguka," alisema. "Chini kuna tisa."

"Asilimia tisa."

"Sasa kumi na nne."

Alinisomea namba kama anavyohesabu magunia ya mahindi, bila haraka. Ilipofika thelathini skrini ikawa nyeusi, akaniambia kwa utulivu uleule, "Imezima." Nikajizuia kugusa chochote, maana karatasi yangu ilisema itajizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Alihesabu tena. Sitini. Sabini na tano. Tulikaa hivyo saa moja na nusu, tukizungumzia maharage yaliyokuwa yanasubiri kupigwa, mpaka aliposema, "Namba zimeondoka. Kuna picha, na jina lako."

Nilisubiri programu yangu iseme. Haikusema. Nilihesabu polepole mpaka mia. Bado kimya.

"Tumepoteza?" aliuliza mke wangu.

"Bado."

Nikabonyeza vile vitufe vitatu. Mwanamume mmoja akaanza kuongea Kiingereza kwa sauti nzito, akaniambia niandike nywila. Mke wangu alicheka, na mimi nikaandika nywila yangu nikikosea mara mbili. Kwa msaada wa sauti ile ya kigeni nilifungua flashi, nikaweka programu mpya ya sauti, kwa kuwa ile ya zamani ilikataa kabisa kuamka. Jua lilikuwa limekwisha kuelekea magharibi nilipofungua folda yangu na kukuta maandalio yote yamo.

Nilidhani kazi imeisha. Kumbe mfumo unampa mtu siku kumi za kujuta: ndani ya siku hizo ukitaka unabonyeza mahali na unarudishwa kwenye toleo la zamani. Rafiki yangu aliponiambia hivyo, nilifurahi. Kufika siku ya nne nilikuwa nautamani ule mlango wa nyuma kila saa.

Tatizo lilikuwa sauti. Programu yangu ya zamani ilisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. "Shule" iliitamka kwa namna ambayo Mzungu mgeni angeitamka, na "ng'ombe" iliikata vipande viwili. Miaka tisa sikio langu lilikuwa limejifunza kunyoosha kila neno lililopinda. Programu mpya ilikuwa na Kiswahili chake, ikitamka silabi zote, ila kwa sauti ya bati, na vitufe vyake vingi vilikuwa tofauti. Kazi ya dakika kumi ikanichukua saa nzima. Siku ya sita, nikiwa na mtihani wa kidato cha pili wa kutunga, nilifungua ukurasa wa kurudi nyuma, nikaweka kidole juu ya kitufe cha kukubali. Nikajiambia nimalizie kwanza kusoma maandalio ya kesho, kisha nirudi toleo la zamani.

Yalikuwa maandalio ya kidato cha kwanza niliyoyatumia miaka kadhaa, kuhusu viambishi. Sauti ikasoma, "Kiambshi." Nikarudisha nyuma. "Kiambshi." Niliandika kwa kuruka herufi. Sentensi iliyofuata ikasema "wanafuzi". Iliyofuata, "tamthlia". Ile sauti ya zamani ilikuwa inapinda kila neno, kwa hiyo neno lililokosewa na lililo sahihi yote yalinifikia yamepinda, nami nikayanyoosha kichwani bila kujua. Nikafungua mtihani wa muhula uliopita. Makosa kumi na saba, kwenye mtihani wa Kiswahili.

Asubuhi nilimfuata dada. Yeye ndiye huchukua flashi yangu na kuchapa mitihani yangu pamoja na yake.

"Dada, mtihani wangu wa muhula uliopita uliuchapa kama ulivyokuwa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nimeusoma jana. Una makosa kumi na saba."

"Niliyatoa kabla ya kuchapa."

"Na ya miaka ya nyuma?"

"Nayo nilikuwa natoa." Nilisikia akivuta kiti. "Mwalimu, yalikuwa madogo. Herufi hapa, herufi pale. Wewe unafundisha vizuri kuliko sisi wote. Nikuambie nini?"

Sikumjibu vizuri. Nilisema ahsante kwa namna ambayo haikuwa ahsante, nikaenda darasani. Siku nzima nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba kwa miaka alikuwa anatembea sokoni na shati limechanika mgongoni. Aibu niliyoisikia ilikuwa yangu, na hasira niliyokuwa nayo sikuwa na mtu wa haki wa kumpa. Yeye alinisitiri. Lakini jioni, nikiwa nimetulia, nilikuwa na uhakika wa jambo moja: sirudi kwenye toleo la zamani. Huko nyuma kuna sauti niliyoizoea na makosa nisiyoyasikia.

Kesho yake nilirudi kwa dada, nikamshukuru upya, safari hii kwa kumaanisha. Nikamwomba aache kurekebisha kimyakimya. Akiona kosa aniambie, hata kama ni mbele ya watu.

"Utaudhika," alisema.

"Nitaudhika. Niambie hivyohivyo."

Siku kumi zikapita. Nilikuwa na shughuli nyingi kiasi kwamba siku ya mwisho ilipita sikuihesabu. Nilianza na maandalio ya kidato cha kwanza, ukurasa kwa ukurasa, nikasahihisha yote, kisha cha pili, kisha cha tatu. Kazi hiyo ilinimalizia likizo nzima. Mke wangu alikuwa akipita na kuuliza kama ile sauti ya bati haichoki.

Mambo mengine hayajakaa sawa mpaka leo. Kuna programu moja ya majedwali ambayo sauti mpya huisoma ikirukaruka, na mara nyingine mashine hujisasisha yenyewe wakati ninapoihitaji. Nayavumilia. Dada bado anachapa mitihani yangu. Akikuta kosa hugonga meza yangu kwa kalamu na kulitamka. Wiki iliyopita aligonga mara mbili. La kwanza nilikubali. La pili nilibishana naye, tukafungua kamusi, nikashinda.