Spinachi Bila Udongo, Gatongora

Mama alihamia kwangu Gatongora, kando ya Ruiru, mwaka ule kaka yangu alipouza shamba letu la kijijini Theta. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati kila mwenye shamba upande ule alikuwa akilikata vipande na kupigia vigingi. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa binti, tena binti aliyeolewa akarudi, na mazungumzo ya shamba kwetu yalifanywa na wanaume huku sisi tukichemsha chai. Kaka alikuja kunipa habari akiwa amesimama, funguo za gari zikimchezea mkononi.

"Nimepata mnunuzi mzuri," akasema. "Mama akae na wewe kwanza. Nikimaliza kujenga Thika nitamchukua."

"Yeye amesemaje?"

"Mama ni mzee. Atazoea."

Alikuja na kitanda chake, sufuria zake, jembe, na mbegu za maharagwe alizozifunga kwenye pindo la leso. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili kwenye ploti yenye wapangaji wengi, na ua wote ulikuwa umemwagiwa simiti toka mlangoni hadi kwenye geti. Asubuhi ya kwanza alitoka na jembe lake, akasimama, akatazama huku na huku.

"Nyinyi mnapanda wapi?"

"Hatupandi, Maitu," nikamwambia Mama. "Tunanunua."

Akarudi ndani, akaketi kitandani. Wiki zikapita akiwa bado ameketi pale. Alikula kidogo, akajibu alipoulizwa tu. Mwanamke aliyekuwa akilima hadi jua linamchoma utosi sasa alikuwa akitazama ukuta wa jirani kupitia dirisha.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye shamba moja la maua upande wa Thika, katika chumba cha kupanga waridi kwa urefu wa mashina. Nikipita kwenye vibanda vya nailoni niliona waridi zikimea bila udongo, zimesimama kwenye mawe mepesi kama yale ya kusugulia miguu, zikinyweshwa maji yaliyochanganywa na mbolea. Nikajiambia, kama ua linaweza, spinachi itashindwaje?

Nilikusanya jerikeni nyeupe, nikazikata juu, nikafunika kwa vipande vya mbao nilivyotoboa matundu. Nilinunua miche ya spinachi sokoni Ruiru, nikaiosha mizizi mpaka ikawa safi, nikaikaza kwenye matundu kwa vipande vya godoro kuukuu. Mizizi ikaning'inia ndani ya maji. Halafu nikatia mbolea ya kupandia mahindi, kwa kiganja, nikidhani mkono wenye ukarimu ndio unaokuza.

Mama alitoka kuona. "Hii ni mboga au ni bata?" akauliza, akarudi ndani.

Miche ikaungua. Kingo za majani zilikuwa za kahawia na kavu, kama zimepitiwa na pasi ya moto. Hilo nililielewa upesi, kwamba nilikuwa nimeilisha chumvi ya mbolea kupita kiasi. Nikamwaga maji, nikaanza upya na mbolea ya kudokoa tu. Ile iliyopona ikatoa majani mapya, nami nikafurahi kwa siku chache. Kisha maji yakageuka kijani, yakafanya utelezi kwenye kuta za jerikeni, na majani yakalegea mchana kutwa ingawa miguu ilikuwa ndani ya maji. Nikaongeza maji. Yakalegea zaidi.

Nilikuwa nimechutama nikizikodolea macho nilipomsikia Mama nyuma yangu.

"Inanuka."

"Nini?"

"Mizizi. Ng'oa uone."

Niling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama ugali uliolala kwenye maji, na harufu yake ilikuwa ya mtaro.

"Umeizamisha mpaka shingoni," Mama akasema. "Hata mmea unavuta pumzi. Na jua linapika hayo maji. Tia mkono uone vile yako moto."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyonena tangu aje. Nikafanya alivyosema. Nilipunguza maji ili nusu ya mizizi ibaki hewani, nikazihamishia jerikeni kwenye kivuli cha ukuta, nikazizungushia nailoni nyeusi ili mwanga usiingie kulisha ule ukijani. Kila asubuhi Mama alifunua mbao na kuyapiga maji kwa mwiko ili yapate hewa. Hakuniambia kwamba angefanya hivyo. Niliamka nikamkuta ameshaanza.

Mizizi mipya ilitoka myeupe. Lakini hata hivyo majani machanga yakawa manjano, mishipa yake tu ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Nikamwuliza kazini mwanamume aliyechanganya mbolea za waridi.

"Unatumia maji gani?" akauliza.

"Ya borehole. Kile kisima cha ploti."

"Kwenu ukichemsha chai, sufuria inafanya ukoko mweupe?"

"Sana."

"Basi ndiyo hiyo. Hayo maji yana chokaa mingi, mmea unakosa madini ya chuma hata kama iko. Tumia ya mvua. Na hiyo mbolea ya mahindi wacha, si ya majini." Akanieleza aina ya kununua.

Nikaweka pipa chini ya bati. Jirani mmoja alinitukana wiki nzima kwamba nimeteka mvua ya ploti yote, nami nikavumilia. Majani yaliyofuata yalitoka kijani kizito, mapana, yakisimama. Mama alianza kuyapangusa vumbi. Alianza kuzungumza na majirani, akiwaonyesha, akiwakemea watoto wasiguse. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamsikia akicheka kabla sijafungua geti. Nilisimama nje nikasikiliza. Nilidhani nimemrudishia kitu, na kwamba yeye pia alijua ni nani aliyemrudishia.

Kaka alikuja Jumapili moja na mke wake. Tangu amlete Mama hakuwa amekanyaga kwangu. Nilikuwa jikoni natoa chai. Nilipotoka na sinia nilimkuta Mama ameinama juu ya jerikeni na kisu. Hakuwa akichuma majani ya nje kama tulivyozoea. Alikuwa akikata mashina yote, hadi ule moyo mchanga wa katikati, ambao ukiukata mmea hauna pa kuanzia tena.

"Ngai! Mama, hii yote umelima mwenyewe?" Kaka akauliza.

"Nimelima mwenyewe," Mama akajibu, akimjazia mfuko. "Wewe umekonda, mwanangu. Huko Thika hamli mboga."

Mke wake alinitazama mara moja, kisha akatazama viatu vyake. Mimi niliweka sinia mezani. Walipoondoka nilisimama mbele ya zile mbao zenye matundu matupu.

"Maitu, umekata zote."

"Wewe unakula kila siku."

"Huyo ndiye aliuza shamba lako."

Akanikazia macho kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa neno la kijinga na mtu mzima. "Aliuza shamba la baba yake," akasema.

Niliosha vikombe. Maji niliyafungua kwa nguvu ili nisisikie kitu kingine chochote.

Baada ya hapo Kaka alimpeleka Mama mara moja tu kunywa chai kwenye ile hoteli ya zamani karibu na maporomoko ya Chania. Mama aliisimulia chai hiyo kwa miezi: vikombe, wahudumu, sauti ya maji. Nyumba ya Kaka ya Thika ilipokwisha, Mama alihamia huko. Nilipanda upya, nikawa nampelekea spinachi nikienda kumwona. Alizipokea kwa mikono miwili, na swali lake lilikuwa moja: "Ndugu yako umempa?" Alikaa chumba cha nyuma. Uani palikuwa na nyasi za urembo ambazo hazikuruhusiwa kuguswa. Niliposema nimletee jerikeni mbili tu, mke wa Kaka akasema zitaleta mbu, na Mama akaitikia kwamba ni kweli, zitaleta.

Alifia huko. Theta hapakuwa na mahali petu tena, kwa hivyo tulimzika kwenye makaburi ya mji. Kaka alizungumza kwa niaba ya familia. Alisema Mama alipenda kulima kuliko kitu chochote, na kwamba hata uzeeni, kwenye ua wa simiti, alibuni njia yake ya kukuza mboga kwa maji. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Wengine walifuta machozi.

Niliposogea niseme neno na mimi, shangazi yangu alinishika mkono.

"Wageni hawajapewa chakula," akaninong'oneza.

Nikaenda kupakua.