Trekta ya Ekalakala na Jina la Mzee Kyalo

Nakumbuka siku moja ya Oktoba, mwanangu, siku ambayo nimejaribu kuisahau miaka mingi na imekataa kusahaulika. Ilikuwa miaka ya tisini, pale Ekalakala, mvua ikikaribia na kila mtu akitaka shamba lake lilimwe kabla ya tone la kwanza. Kikundi chetu cha wakulima kilikuwa na trekta moja tu, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wake. Nilikuwa nimetoka Thika na cheti cha ufundi, na kusema kweli kile cheti kilinipanda kichwani kuliko masomo yenyewe.

Dereva alikuwa Mzee Kyalo wa Kivaa, mtu wa maneno machache, aliyeendesha trekta hiyo tangu iliponunuliwa. Jumapili yeye ndiye aliyepitisha kikapu cha sadaka kanisani.

Asubuhi hiyo alileta trekta uwanjani kwetu, mikono imejaa oili mpaka viwikoni. Watu kama ishirini walikuwa hapo wakingoja zamu zao. "Fundi," akaniambia, "hii injini iko na shida. Jana nimebadilisha oili. Ile ya zamani imetoka polepole sana, lakini nikifungua kifuniko cha juu, ikatoka mbio. Leo nikilima kidogo tu, stiki ya kupimia oili inaruka yenyewe. Sasa hiyo ni nini?"

Mwanangu, yule mzee alikuwa amenipa jibu likiwa limeshamenywa. Injini ya dizeli ina presha tumboni mwake, na kuna bomba dogo la kuitolea nje, ambalo sisi mafundi tunaliita briza. Bomba hilo likiziba, presha hutafuta njia nyingine: itarusha stiki, itasukuma oili ipite kwenye sili, zile mpira za kuzuia oili isivuje. Na ukimwaga oili, hewa haiingii kushika nafasi yake, kwa hiyo oili inatoka kwa kusitasita mpaka ufungue juu. Shida mbili, chanzo kimoja. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Kyalo ndiye aliyekilalia kile kitanda. Lakini mimi sikusikia habari ya oili. Nilisikia dereva akinifundisha kazi mbele ya watu.

Nikawasha injini, nikafungua kifuniko. Moshi ukafumuka. Ningengoja dakika mbili tu ningeuona umetulia, maana ilikuwa presha iliyofungiwa ndani na sasa imepata mlango. Sikungoja. Nilizima injini nikawatangazia watu kwamba ringi za pistoni, zile pete zinazozuia moshi usishuke tumboni mwa injini, zimekwisha.

Mama Ndunge, mwenyekiti wetu, akauliza, "Zimekwishaje, na trekta imekaa tu tangu Julai?"

Swali zuri. Neno "sijui" lilinishinda kutamka. Badala yake nikachomoa stiki, nikawaonyesha oili ilivyopungua. "Inaendeshwa bila oili," nikasema kwa sauti, hata wa nyuma wasikie. "Oili imewekwa jana tu. Muulizeni dereva imeenda wapi."

Sikusema ameiuza. Sikuhitaji kusema, kwa sababu kila mtu anajua madereva husingiziwa nini. Mzee Kyalo akaonyesha ubavu wa injini uliolowa oili na vumbi. "Imeenda hapa," akasema. Hakuna aliyeinama kuangalia. Mama Ndunge akanyoosha mkono, na mzee akatoa ufunguo, akaufuta kwanza kwa shati lake, akampa. Kisha akaenda kwao kwa miguu.

Watu walipoondoka nikaanza kufungua injini. Sikufika mbali. Kwenye mdomo wa lile bomba la briza kulikuwa na gunzi la mahindi, limekazwa kama tunavyoziba jerikeni za maji. Na aliyeliweka ni mimi. Julai, kazi ilipokwisha, niliosha injini, nikaziba bomba ili maji yasiingie, halafu nikasahau. Nyani haoni kundule.

Nikalitia gunzi mfukoni mwa ovaroli. Ningekuwa na haya ningelipeleka kwa Mama Ndunge saa ileile, lakini haya zangu zilikuja zikiwa zimechelewa. Nikarudishia vyuma, nikawasha, injini ikanguruma safi. Watu waliporudi jioni niliwaambia nimerekebisha ringi. Ringi hazirekebishwi kwa alasiri moja, lakini nani pale angejua? Walinipigia makofi, na mimi nikayapokea.

Trekta ikapewa dereva mwingine. Jumapili kikapu kikapewa mtu mwingine pia. Hakuna aliyemwambia Mzee Kyalo neno, walimruka tu, naye akahamia kiti cha nyuma. Watoto wakaanza kumwita Kyalo wa Oili. Nilikuwa nikikaa kanisani humo humo, naimba nyimbo zote.

Mahindi yalipovunwa nikashindwa kuvumilia, nikaenda Kivaa. Nilimkuta akichimba mtaro wa kuzuia udongo shambani kwake. Nikamweleza yote, naye akaendelea kuchimba mpaka nikamaliza.

"Nilikwambia oili inatoka polepole," akasema. "Ulisikia?"

"Nilisikia, mzee."

"Basi. Mimi nilijua sijaiba, kwa hivyo kuniambia mimi hujanipa kitu. Uliniharibia jina kwa watu. Enda useme kwa watu."

Nikaahidi. Kisha nikaenda kwa Mama Ndunge, nikamkuta jikoni akichambua maharagwe, nikamweleza kwa sauti ya chini na kumwomba awafahamishe wengine kidogo kidogo. Alinitazama hadi nikainama. "Siku ile ulisema uwanjani," akaniambia. "Leo unaninong'oneza jikoni."

Alijitahidi, maskini. Mzee alirudishiwa ufunguo, akaukataa kwa adabu. Wengine walisikia ukweli, wengine hawakusikia, na wengine waliusikia wakaona ule uongo una utamu zaidi. Mimi nikahamia Matuu, nikafungua gereji yangu.

Miaka ikapita. Siku moja kijana mteja kutoka Ekalakala aliona oili imemwagika sakafuni kwangu, akasema kwa utani, "Muangalie vizuri, hapa kusikuwe na Kyalo wa Oili." Nikamuuliza Kyalo ni nani. Hakujua. Alisema ni msemo tu wa kwao. Na mimi, mwanangu, nilicheka naye.

Basi shika haya. Trekta ikirusha stiki na oili ikigoma kutoka, tazama briza kabla ya kuhukumu ringi, na umsikilize anayeiendesha. Usipojua, sema hujui, kuuliza si ujinga. Lakini hayo ni ya vyuma, na vyuma hurekebishika. Kubwa ni hili: ukimchafua mtu uwanjani, usiende kumsafisha jikoni. Rudi uwanja uleule, kwa sauti ileile. Ukichelewa, uongo wako utazaa watoto, na hutaweza kuwafuata wote.

Mungu akupe mikono inayojua kazi, na ulimi unaoweza kusema nimekosa mapema kuliko wangu. Uende salama, mwanangu, na kosa lako lisije likawa mzigo kwa mtu mwingine.