Nataka Fyuzi Ikate

Moshi ulianza kutoka chini ya dashibodi tukiwa ndiyo kwanza tumetoka Butiama kwenda kliniki Musoma. Nilimtoa mama yangu kiti cha mbele, nikachomoa betri, wapita njia wakatusaidia kumwaga mchanga. Mama alisimama kando ya barabara, kadi ya kliniki mkononi.

"Mimi jiko lako hilo sipandi tena," akasema, akarudi nyumbani kwa bodaboda.

Kosa lilikuwa langu. Wiki ile fyuzi ya taa za ziada ilikuwa imekata mara tatu, nami, mwenye shahada mbili, nikaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ili umeme upite tu. Sivuti sigara. Karatasi niliiomba kwa mtu.

Kliniki nyingine ilikuwa mwezi ujao, na magoti ya mama hayawezi bodaboda mpaka Musoma. Nikaenda Bunda kutafuta boksi la fyuzi. Muuzaji alinisifia moja lenye vitaa vya buluu. Nikalitikisa, kifuniko kikaanguka. Nikachukua jingine, jeusi, baya kama kiatu cha mvua, lakini lina mpira wa kuzuia maji na vumbi, kila kifaa na fyuzi yake, na nafasi za rilei, ili umeme mkubwa wa honi na taa usipite tena kwenye swichi za dashibodi.

Fundi wangu wa Mwisenge, pale Musoma, tunayelingana umri, alilicheka.

"Prof, hii ni gari au kituo cha umeme? Tupige dairekti kwenye betri, bila fyuzi, tumalize."

"Hapana."

"Basi honi niiwekee fyuzi ya ampea thelathini. Haikati hiyo milele."

"Waya wake unabeba kumi na tano. Weka kumi na tano. Nataka ikate."

"Watu wanakujaga hapa wanalia fyuzi zinakata. Wewe unalia zisipokata!"

Nikasimama juani mpaka akaweka kumi na tano.

Siku ya kliniki mama alitoka nje, akainama, akanusa dashibodi. Nilichomoa waya wa honi, nikabonyeza honi na kuugusisha waya kwenye bodi ya gari, shoti ya makusudi. Tak. Fyuzi ikakata. Hakuna moshi.

"Rudia."

Nikaweka nyingine, nikarudia. Tak.

"Tena."

"Mama, hii ndiyo ya mwisho."

"Nimesema tena."

Tukaenda Musoma bila honi. Mama alikaa kiti cha nyuma, mkono kwenye kitasa cha mlango, na kila tulipokuta ng'ombe barabarani alitoa kichwa dirishani akawafokea mwenyewe. Walimpisha haraka kuliko walivyowahi kunipisha mimi.

Baada ya kliniki nilipita Mwisenge. Fundi akafungua boksi, akacheka tena.

"Si nilisema? Kumi na tano zimeniishia. Niweke kawaya hapa, ufike nyumbani."

Alikuwa ameshakata kipande. Nilikuwa natafuta maneno ya kisomi ya kumkatalia, sauti ikatoka kiti cha nyuma.

"We fundi! Kawaya hako kaweke kwenye gari la mama yako."

Nikafunga boksi. Tukarudi Butiama bila honi, mama akifokea ng'ombe njia nzima.