Ngamia wa Hodan anatafutwa Hadado

Kaka zangu wako porini Hadado wanatafuta ngamia ambaye hayupo.

Binti yangu Hodan anaandika riwaya. Binamu yake alimletea laptop yenye programu ya waandishi, akaikataa. Ati ina vitufe vingi kuliko hadithi.

Anaandika kwa meseji za simu, kila kipande ananitumia mimi. Akili hiyo ameitoa kwangu, baba yake asijisumbue.

Leo nikarusha kipande kwenye grupu la ukoo, waone mtoto niliyemzaa. Ngamia mweupe, sikio limekatwa, ameibiwa.

Kaka Abdi akapiga simu. "Abaayo, dada yangu, tumeona nyayo."

Nyayo za nani, wallahi?

Nikamwambia ni hadithi tu. Akajibu:

"Hatukutembea bure. Mwizi ni nani?"

Hodan anasema hata yeye hajajua.

Nyinyi mnamshuku nani?